Dakika Tatu za Mheshimiwa Cherehani

Jina la Cherehani alibandikwa kiwandani, na aliyembandika alikuwa rafiki yake mwenyewe, binti mcheshi aliyeketi mashine ya jirani. Siku hiyo Cherehani alitaka kumwomba mkasi. Neno likamgandia mdomoni, ikawa "m-m-m-m," kidevu kinamtikisika, macho yamemtoka, na mkasi wenyewe uko palepale mezani. Yule binti hakumkatiza. Alingoja mpaka neno likatoka lote, akampa mkasi, halafu akasema kwa utulivu, "Dada, kumbe wewe una cherehani mbili. Moja unashonea, nyingine unasemea."

Safu nzima ya washonaji ilivunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa amechekwa tangu anaanza shule, kwa hiyo alijua vizuri tofauti ya utani wa anayekupenda na utani wa anayekudharau. Tangu siku hiyo akawa Cherehani, kiwandani na mtaani, na baadaye hata bungeni.

Kigugumizi kilianza naye utotoni. Shangazi yake, ndugu wa baba, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na shangazi huyo hakuwa mtu wa kukubali jambo kirahisi. Alimzungusha kwa kila aliyesemekana ana dawa. Wengine walimwambia mtoto avute pumzi, wengine wakasema aimbe maneno badala ya kuyasema, na mmoja akashauri atafune kokoto. Shangazi alipofika kwenye kokoto aliona sasa wanachezewa. Alimshika mtoto mkono wakarudi nyumbani, na njiani akamwambia, "Basi, yameisha. Wewe sema, watu watasubiri. Asiyeweza kusubiri aende zake, hatukumwalika."

Kiwanda kilishona mashati ya kupelekwa nje. Jengo lilikuwa refu na la bati, lenye madirisha madogo juu karibu na dari, na mlango mmoja mkubwa wa chuma. Asubuhi wafanyakazi wakishaingia, msimamizi aliufunga mlango ule kwa nje, akatia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni. Mwenye kiwanda aliogopa mashati yasije yakatoka yamekunjwa chini ya kanga. Aliyetaka kwenda msalani aligonga, na kufunguliwa kulitegemea msimamizi kaamkaje siku hiyo.

Mchana mmoja moto ulishika kwenye chumba cha vipande, kule yalikokuwa yakirundikwa mabaki ya vitambaa. Haukuwa moto mkubwa wa kutisha kwa macho. Ulikuwa moshi, mweusi na mzito, ukitambaa juu ya mashine kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha. Wanawake walikimbilia mlangoni wakagonga. Msimamizi alikuwa amekwenda kula, na ufunguo alikuwa nao. Cherehani na wengine walipanda juu ya meza, wakavunja dirisha, wakasukumana nje mmoja mmoja. Rafiki yake alikuwa amebaki kule mlangoni, akipiga chuma kwa pasi nzito, akiwaambia wenzake wasiogope, msimamizi anakuja. Msimamizi alikuja. Lakini yule binti alikuwa amekwisha kuanguka, na hospitali hawakuweza kumwamsha.

Iliundwa tume. Watu watatu waliovaa suti walikaa nyuma ya meza, na wafanyakazi wakaingia kwa zamu kueleza walichokiona. Cherehani alikuwa hajalala siku mbili akipanga maneno yake. Alipokalishwa, alitaka kuanza na neno moja tu: mlango. Likakataa. Alikaza shingo, alifumba macho, neno likabaki limekwama nyuma ya midomo. Mwenyekiti wa tume alitazama saa ya mkononi, akatazama foleni iliyokuwa nje, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Tumekuelewa, mama. Inatosha. Anayefuata aingie."

Ripoti ilipotoka ilisema wafanyakazi walipatwa na taharuki. Habari za kufuli hazikuwamo.

Hapo ndipo safari yake ilipoanzia, ingawa mwenyewe hakuijua. Aliacha kazi ya kiwanda, akafungua kibanda cha ushonaji kwenye mtaa wa nyuma ya soko. Wanawake wa viwandani wakawa wanapita kwake kupunguziwa magauni na kubadilishiwa zipu, na wakishakaa kwenye benchi walifungua mioyo. Wote walikuwa na hadithi ya kufuli. Cherehani alikuwa msikilizaji mzuri, maana mtu ambaye kusema kwake ni kazi hamkatizi mwenzake. Taratibu kibanda kikawa mahali pa kupeleka malalamiko. Kukawa na kamati, ikawa na mwenyekiti, na mwenyekiti akawa yeye. Uchaguzi ulipokaribia, wanawake wale wakamjia wakiwa wamekwisha kukubaliana.

"Tumeona ugombee," alisema mmoja wao, mpiga pasi mwenye sauti kubwa.

"U-ubunge?" aliuliza Cherehani. "Mimi, na m-mdomo huu?"

"Wenye midomo tulishawachagua," alijibu mpiga pasi. "Tumeona kazi yao."

Kampeni zake zilikuwa kichekesho kwa waliozoea kampeni. Wenzake walimwaga sera majukwaani mpaka povu likawatoka, yeye alisema sentensi nne au tano. Aliposhikwa na neno, watu wa mbele walitaka kumsaidia kulimalizia. Aliwainulia mkono. "Msinisaidie," aliwaambia. "N-nitafika." Ikawa ndiyo kauli mbiu yao, mabango yakachorwa cherehani, na chini yake neno moja: Nitafika. Mshindani wake, mfanyabiashara wa saruji, alisema hadharani kwamba jimbo litakuwa na mbunge wa kusubiriwa kama meli. Shangazi alimjibu palepale kwenye umati kwamba afadhali meli, hufika na mzigo. Kura zilipohesabiwa Cherehani alikuwa mbunge.

*

Bungeni alikwenda na jambo moja. Aliandikiwa muswada mfupi, ukurasa mmoja tu, uliosema kwamba mahali popote pa kazi mlango usifungwe kwa nje watu wakiwa ndani, na atakayeufunga atashitakiwa. Wenyewe bungeni waliuita Muswada wa Milango. Alidhani utapita kwa wiki moja. Nani angesimama hadharani aseme anataka watu wafungiwe?

Hakuna aliyesema hivyo. Waliupenda muswada mpaka wakauua kabisa. Kila aliyesimama alianza na "Mheshimiwa Spika, naunga mkono kwa asilimia mia," halafu akaendelea. Kanuni za Bunge lile zilimruhusu mbunge kuuchangia muswada wa mbunge mwenzake kwa muda aupendao, na muswada wa aina hiyo ulipewa nafasi mchana mmoja tu katika kila wiki. Muda wa kikao ukiisha kura haijapigwa, mjadala uliahirishwa. Na mkutano wa mwaka ukifungwa, muswada ulikufa, ukaanza upya mwaka unaofuata.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa mwanasheria mmoja mnene, mchangamfu, mwenye marafiki wengi wenye viwanda. Wenzake walimwita Mkeka, kwa sababu akishatandika maneno hakunji. Alieleza historia ya kufuli tangu zamani za kale. Alieleza aina za mbao. Siku moja alitumia nusu ya kikao kuuliza kama geti ni mlango, na kama geti si mlango, je, mlango ulio kwenye geti ni nini. Watu walicheka, hata Cherehani mwenyewe alijikuta anatabasamu, maana jamaa alijua kusema. Kisha saa ya ukutani ikafika mwisho, Spika akaahirisha, na wabunge wakatoka wakipigana mabegani.

Mwaka wa kwanza muswada ukafa hivyo. Mwaka wa pili ukafika ukingoni vilevile, bado mchana mmoja tu, na Mkeka alikuwa amekwisha kujiandikisha kuchangia.

Cherehani alikwenda kumwona karani wa Bunge, mama wa makamo aliyeketi mbele ya kiti cha Spika siku zote, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alimkuta ofisini anakunywa chai.

"Mama, hakuna n-njia?"

Karani aliweka kikombe. "Njia ipo. Kanuni inamruhusu mbunge kutoa hoja ya kuwekea mjadala ukomo. Kwa muswada mmoja tu. Kila mchangiaji dakika tatu, na kabla kikao hakijafungwa kura lazima ipigwe. Ukipata wengi wa kuunga mkono hoja hiyo, Mkeka hana pa kutandika."

"M-mbona hamkuniambia?"

"Haitumiki. Wabunge hawapendi kupimiwa maneno." Karani alivaa miwani, akamtazama vizuri. "Na kuna jambo ulijue kabla hujaamua. Ukomo huo ni wa wote. Mtoa hoja hapewi nyongeza. Hotuba yako ya mwisho, ya kuwashawishi kabla ya kura, nayo ni dakika tatu."

Cherehani alipiga hesabu kichwani. Hotuba yake ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Aliwahi kuipima nyumbani, na siku njema, ulimi ukiwa mwepesi, ilimchukua zaidi ya robo saa.

Aliporudi nyumbani alimweleza shangazi. Bibi yule alikuwa anachambua mchele, akaacha mikono ndani ya sinia.

"Ngoja nielewe," alisema. "Wewe, katika watu wote wa jumba lile, ndiye unayetaka watu wapimiwe dakika?"

"Ndiyo, shangazi."

"Dakika tatu wewe unasema nini? Unamaliza kumwita Spika, kengele inalia. Watakucheka, mwanangu. Mimi nimepigana na dunia nzima ikusubiri, leo unakwenda mwenyewe kuiambia isikusubiri?"

Cherehani alikaa chini kwenye mkeka karibu naye. Maneno yalikawia, naye shangazi aliyangoja, kama alivyoyangoja miaka yote. "Mimi w-wananisubiri, shangazi," alisema hatimaye. "Wale walio n-ndani ya majengo, hawawezi kusubiri."

Shangazi alirudisha macho kwenye sinia, akatupa punje moja ya jiwe, ya pili, ya tatu. "Basi siku hiyo nakuja," alisema. "Nikae pale juu wanapokaa wageni. Wakicheka, niwajue kwa sura."

*

Mchana wenyewe ukumbi ulijaa kuliko kawaida, maana habari zilikuwa zimevuja. Shangazi alikaa safu ya mbele kwenye jukwaa la wageni, kilemba kimesimama wima, mkoba mapajani. Pembeni yake walikaa mpiga pasi na wenzake waliojinyima ujira wa siku ili wafike.

Cherehani alisimama akatoa hoja yake ya ukomo. Ilimchukua muda kuisoma, na wengine walianza kukohoa, lakini aliimaliza. Mkeka akasimama kupinga, na lazima tumpe haki yake: siku hiyo hakufanya mzaha.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "mjadala ndio mali pekee tuliyonayo humu. Serikali ina fedha, ina polisi, sisi tuna maneno. Leo mwenzetu anatuomba tuyapunguze, kwa sababu nzuri, sikatai. Lakini kisu hiki kikishanolewa hakirudi jikoni. Kesho kitashikwa na mtu mwenye sababu mbaya, na yeye aliyekinoa atakuwa wa kwanza kukatwa." Wengi walitikisa kichwa kukubali, hata baadhi ya waliokuwa upande wa Cherehani. Kama angeishia hapo, huenda angeshinda. Lakini ulimi ulikuwa umezoea kicheko, ukamponza. "Na tena namhurumia mtoa hoja mwenyewe. Dakika tatu, Mheshimiwa Spika, hazimtoshi hata kutusalimia."

Kicheko kilipita ukumbini, kikazimika haraka kuliko kilivyowaka. Kule juu shangazi alisimama nusu, akitafuta sura. Mpiga pasi akamvuta gauni akakaa.

Spika alikuwa mzee mwenye heshima zake. Aliegemea mbele akasema, "Waheshimiwa, tuheshimiane. Na kwa mtoa hoja, Kiti kinaweza kutumia busara yake, hoja ikipita, kumwongezea muda kidogo kutokana na hali yake."

Lilikuwa neno la huruma. Cherehani aliliona linamjia kama mkono uliojaa, na alijua akilipokea, Mkeka ataomba busara hiyohiyo kwa kikohozi chake, na mwingine kwa umri wake, mpaka jioni. Alisimama.

"Ninashukuru," alisema. "Hapana. S-s-sawa kwa wote."

Kisha akamgeukia Mkeka, na kwa kuwa ukomo ulikuwa haujapitishwa bado, akachukua muda wake bila haraka. Alisema mwenzake ana haki. Kumkata mtu ambaye hajasema ni dhuluma, na siku serikali itakapotaka kufanya hivyo atasimama naye bega kwa bega kukataa. "Lakini huu t-tumeusema miaka miwili. Kila mmoja amesema, na wengine wamesema mara n-nne. Hiki si kisu cha kukata maneno ya mtu. Ni kwamba t-tumekwisha kula, sasa tuoshe vyombo."

Safari hii kicheko kilikuwa cha upande wake. Spika aliwahoji wabunge. Sauti za ndiyo na za siyo zikalingana, ikabidi wahesabiwe kwa kusimama. Makarani walipita safu kwa safu. Hoja ilipita kwa tofauti ya watu wachache mno, wanaotosha kukaa kwenye benchi la kibanda chake.

Basi mjadala wa dakika tatu ukaanza, na ulikuwa tamasha. Wabunge walikuwa hawajawahi kubanwa hivyo tangu waingie mle. Mmoja aliwashukuru wapiga kura wake, mke wake, na madaktari waliomtibu goti, kengele ikalia hajautaja muswada. Mwingine alizungumza kwa kasi ya mnadani, hakuna aliyemwelewa. Mkeka aliposimama alitandika kwa ustadi wake wote, akatoa utangulizi mzuri, akainua kidole, akasema, "Sasa, hoja yangu ya kwanza," na kengele ikalia. Alibaki na kidole juu. Alicheka mwenyewe, akakaa.

Halafu ikawa zamu ya mtoa hoja kuhitimisha. Taa ndogo ya kijani iliwaka mezani mbele yake.

Watu wasio na kigugumizi hawajui siri moja ya wenye nacho. Mwenye kigugumizi huliona neno gumu linakuja kwa mbali, kama dereva anavyoona shimo barabarani, na miaka inamfundisha kukwepa. Huacha "maji" akasema "kinywaji". Huacha "kesho" akasema "siku ya pili yake". Cherehani alikuwa fundi wa kukwepa. Angeweza kusema "njia ya kutokea", angeweza kusema "pa kupitia". Asubuhi ile, akipiga mswaki, aliamua kwamba hatakwepa. Neno walilomnyima kwenye tume ndilo atakaloanza nalo.

"Mheshimiwa Spika," alisema, na hilo lilitoka safi. Halafu, "M—"

Likakwama.

Alikaza. Halikusogea. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba feni zilisikika. Mbunge mmoja wa safu ya nyuma, kwa wema wake, alifungua mdomo ili amtajie, na mwenzake akamgusa goti akaufunga. Taa ilikuwa bado kijani. Cherehani alihisi jasho likimtambaa mgongoni, akahisi ile aibu ya kale ikipanda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliiangalia tu ikipanda, hakuikimbia. Hakufumba macho. Alimtazama Spika, akawatazama wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyetazama saa. Walikuwa wanasubiri. Watu wale wote, wenye suti na wenye magauni, waliomwunga mkono na waliompinga, walikuwa wanamsubiri kwa muda uliokuwa wake kwa haki, si kwa hisani ya mtu.

"—lango," alisema. Kisha akalirudia zima, taratibu: "Mlango ulifungwa kwa nje."

Taa ikawa ya manjano.

Akasema alikuwa ndani. Akasema moshi ulivyokuwa. Akamtaja rafiki yake kwa jina lake kamili, lake na la baba yake na la babu yake, majina ambayo hayakuandikwa kwenye ripoti yoyote, na waandishi wa kumbukumbu za Bunge wakayaandika. Alisema yule binti alikufa akiwatuliza wenzake. Alisema msimamizi hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameshika ufunguo tu, na sheria haikumwambia asiushike. Alikuwa na sentensi mbili zaidi, na ndizo alizozipenda kuliko zote. Taa ikawaka nyekundu, kengele ikalia katikati ya neno.

Angeweza kulimalizia. Hakuna ambaye angemzuia. Alikaa.

Spika akawahoji wabunge. "Wanaoafiki muswada huu waseme ndiyo." Sauti ilipanda mpaka dari. "Wasioafiki waseme siyo." Zilisikika sauti chache upande wa kushoto, na ya Mkeka, watu wakashangaa, haikuwa miongoni mwazo. "Nadhani walioafiki wameshinda," alisema Spika. "Walioafiki wameshinda."

Kule juu mlinzi wa ukumbi alikuwa anawakataza wanawake wasipige vigelegele, kwa mujibu wa kanuni, naye akikataza huku anafuta macho.

Mkeka alimkuta koridoni, akampa mkono. "Mheshimiwa Cherehani," alisema, "leo umenikunja, ukaniweka nyuma ya mlango."

"U-utatandikwa tena," alisema Cherehani.

"Usiwe na wasiwasi. Na ile kanuni uliyoifufua, nami nitaitumia siku moja. Usinilaumu."

"N-najua."

Na kweli aliitumia. Mwaka uliofuata upande wake uliuwekea ukomo muswada mmoja wa kodi, ambao Cherehani aliupinga kwa nguvu zake zote. Alipewa dakika tatu kama wengine, akazitumia mpaka kengele, na kura ikamwangusha. Jioni shangazi alimuuliza kama anajuta. Cherehani akasema kushindwa kule kumemuuma kweli, lakini kujuta hajajuta, na akaenda kumtafuta karani wakae waangalie namna ya kuzuia kanuni ile isitumike kabla muswada haujajadiliwa vya kutosha. Kazi hiyo ilimchukua muhula mzima, akaifanikisha nusu.

Sheria ya milango haikugeuza dunia siku moja. Wapo waliong'oa kufuli wakaweka mlinzi mkali, na wapo waliofunga mlango wa mbele wakaacha wazi wa nyuma uliozibwa na maboksi. Lakini wakaguzi walianza kupita, na wenye viwanda wawili walipelekwa mahakamani, na habari zikasambaa upesi kuliko wakaguzi wenyewe. Wanawake waliokuja kibandani kwake siku za Jumamosi, maana Cherehani hakuacha kushona hata siku moja, walimweleza kwamba sasa mchana upepo unaingia.

Siku moja ya Jumamosi alikuja mama mmoja mwembamba, amebeba kitambaa cha bluu kwenye mfuko. Cherehani alimtambua kabla hajasema, kwa namna ya paji la uso. Alikuwa mama mzazi wa yule binti. Hawakuwa wamekaa pamoja tangu msiba. Yule mama alihamia mbali kwa mtoto wake mwingine.

"Nilisikia kwenye redio," alisema mama. "Ulimtaja mpaka na babu yake. Mjukuu wangu akaniuliza, bibi, huyo ni nani. Nikakaa naye nikamweleza yote, mchana kutwa." Akaweka kitambaa juu ya meza, akakipapasa kukinyoosha. "Nataka gauni. Nikija huko bungeni kukusikiliza nisionekane nimetoka shamba."

"M-mama, wewe h-hutalipa p-pesa," alisema Cherehani.

"Sikuja kuomba. Nataka mikono mirefu, na mifuko miwili."

"Miwili?"

"Miwili. Mmoja wa kitambaa cha machozi, mmoja wa pipi. Nasikia wengine mle wanachosha."

Shangazi, aliyekuwa kwenye benchi akifumua nyuzi za pindo, alicheka mpaka akashika ubavu. Cherehani alichukua utepe wa kupimia, akauzungusha kiunoni mwa yule mama, na huku anapima alianza kumsimulia zile sentensi mbili ambazo kengele haikumruhusu kuzisema.